Msumari wa Inchi Sita

Nyumba ya mama, hapa Langoni, tuliigawa
kwa ukuta wa matofali ya inchi nne;
fundi alikataa kujenga mnene, boriti zimechoka.
Mimi nikapewa chumba cha juu na ngazi.
Chini, upande wa kibla, Shekue.
Chini, upande wa uani, Famau.
Ziwa moja wamenyonya, mmoja kalirithi lingali na joto la mwenziwe.

Wiki ile ya kuhesabu kura
Shekue alileta picha ya Mheshimiwa,
kioo, fremu ya dhahabu ya kupaka,
na msumari wa inchi sita,
maana, alisema, mtu mzito hatundikwi kwa pini.
Akagonga.
Ukuta ukala inchi nne.
Mbili zikatokea kwa Famau, juu ya mto wake,
na vumbi la chokaa likamwagika katika chai.

Sisemi nani alianza.

Shekue ana hati. Ameitia plastiki.
Shamba la babu kule Mokowe, miaka arubaini bila karatasi,
tunalima kama wezi;
akaja Mheshimiwa, ikaja karatasi,
yenye muhuri, na jina letu halikukosewa hata herufi.
Ukimtaja mtu huyo vibaya, Shekue huinuka kwenye mkeka.

Famau ana kiatu.
Cha mpira, cha kushoto, namba arubaini na mbili.
Cha kulia kilikwenda na mwanawe, Bwanaheri,
usiku walioingia watu wasiovaa sare,
na Mheshimiwa ni huyo huyo, na mwaka ni ule ule wa hati.
Ukimtaja mtu huyo vyema, Famau hainuki.
Hutazama mlango.

Nimeishika ile hati. Nimekishika kile kiatu.
Hakuna kilicho cha uongo,
na hapo ndipo mimi ninapokwama.

Lakini mtaa hautaki mtu wa kukwama.
Muuza mofa kanishikia mkate wangu mkononi:
"Wewe u wa picha, au wa ncha?"
Nilisema mimi ni wa mikate minne, nipe na chenji.
Hakucheka.
Arusi ya kina Mwanakheri imepikwa masufuria mawili,
pilau ile ile, mpishi yule yule,
ukila hapa huonekani kule.
Punda wa mchanga kafungwa utepe wa chama;
kautafuna asubuhi ile ile,
na wenye chama wakamtafuta mwenye punda.

Nilidhani Famau ataazima tupa aikate ile ncha.
Nilidhani atagonga kutoka upande wake
hadi kioo kilie.
Alikaa nayo siku tatu, anaitazama.
Ya nne akatundika kiatu.

Basi msumari ni mmoja.
Shekue akipangusa kioo, Ijumaa, kwa kitambaa cha maji,
kiatu hutikisika.
Famau akikigusa kiatu, apitapo kwenda kulala,
Mheshimiwa huinamisha kichwa.
Kila mmoja anajua. Nami najua kwamba wanajua.

Mama angekuwepo angeita mara moja tu, "Ndooni mule,"
na wangekuja, wakisukumana.
Mimi nikiita huja mmoja,
hunawa, hukaa, huvunja mkate,
halafu huuliza, bila kutaja jina,
kama kule kumeliwa.

Jana stima ilikatika.
Nilikuwa katikati ya ngazi, sina mshumaa, nimeshika ukuta.
Nikamsikia Shekue gizani anainyoosha picha,
iko upande, hailali sawa,
anaivuta, anaivuta,
na kule nyuma kiatu kinagonga tofali, ko, ko.

Famau akasema, "Polepole."

Neno la kwanza tangu miezi kumi na mmoja.
Mkono wa Shekue ukasimama.
Nami nikasimama, mguu mmoja juu, mmoja chini,
sijui kama alimwambia nduguye
au alikiambia kiatu.